Kituo cha Kwa Karani

Ukitoka mjini kwa barabara ya mashamba, ukazipita nyumba za Jang'ombe na zile zilizojengwa baadaye juu ya mihogo ya watu, utafika kituo cha gari kinachoitwa Kwa Karani. Utingo hulitaja jina hilo kwa haraka, kama mtu anayetema kokwa, na abiria hushuka bila ya kuuliza karani ni nani. Nimewahi kumsikia kijana akimweleza mwenziwe kwamba karani huyo alikuwa Mhindi mwenye shamba la minazi. Mwengine akasema la, alikuwa shehe mkubwa, na kaburi lake liko nyuma ya duka la simu. Sikuwasahihisha. Karani ni mimi. Kaburi bado sina, na jina lile sikupewa kwa heshima.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na Khamis, mzee mwenzangu ambaye mwaka jana tulikutana kwenye foleni ya madaktari wa macho, baada ya miaka mingi ya kutoonana, tukapeana namba. "Nassor," akasema, "dada angu Mize ametutoka. Maziko kesho baada ya adhuhuri, nyumba ile ile ya baba. Shuka Kwa Karani." Kisha nikamsikia anajizuia kucheka, mtu aliyefiwa na dada yake. "Unapajua, lakini?" akauliza. Nikamwambia napajua. Nikaikata simu, nikaketi kitandani, na mwaka mzima ukanirudia. Nilikuwa nimeufungia mlango siku nyingi, na mlango wenyewe, nikaona, haukuwa na hata komeo.

Ulikuwa mwaka wa tatu au wa nne baada ya Mapinduzi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, cheti cha sekondari, suruali mbili, na kazi serikalini. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani katika nyumba moja ya zamani mjini, ndani ya chumba ambamo wenye nyumba wa zamani walikuwa wakilia chakula. Dari lilikuwa la boriti, na popo waliokaa humo hawakuwa na habari kwamba serikali imebadilika. Katikati palikuwa na meza ya watu kumi na wawili, na juu ya meza hiyo ndipo tulipoitandika ramani ya kisiwa. Mtu fulani zamani aliweka sufuria ya moto pasipo kitambaa, ikaacha duara jeusi kwenye mbao, na ramani yetu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba duara lile lilionekana kwa chini. Liliangukia Bububu. Mchora ramani wetu, Mzee Feruzi, mtu wa Ng'ambo aliyekuja kazini kwa baskeli na tai, alikuwa akiwaambia wageni kwamba hilo ndilo ziwa la Bububu, na mgeni mmoja akaliandika.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Makame, mtu mfupi mchangamfu aliyeweka korosho mfukoni na kuzila moja moja alipokuwa akifikiri. Asubuhi moja, mwisho wa vuli, alikula nyingi kuliko kawaida, kisha akatuita mezani.

"Tunajenga soko nje ya mji," akasema. "Moja tu. Lenye bati, lenye sakafu, lenye bomba la maji, na duka la serikali pembeni. Bomba likenda, na barabara inakwenda. Mahali tutakapopataja sisi, ndipo."

"Sisi ni nani?" akauliza Mzee Feruzi.

"Sisi ni Nassor. Yeye ndiye mwenye miguu."

Nikapewa baskeli ya ofisi, mwavuli, kiti cha kukunja na daftari. Kazi ilikuwa kuandika taarifa kuhusu sura ya nchi ile na mvuto wake kwa biashara: ardhi gani, maji wapi, njia zipi, watu wanaishi vipi, na mwisho kupendekeza pahala pamoja. Bwana Makame alikuwa na kanuni yake. "Soko hufuata miguu," alisema. "Usinipe maoni. Nihesabie miguu. Keti siku tatu pahala, andika kila anayepita, niletee jumla."

Kwetu sisi wa mjini, jiografia ya Unguja ilikuwa fupi. Kuna mjini. Ukivuka Darajani kuna Ng'ambo. Ukiimaliza Ng'ambo kuna shamba, na shamba ni pahala pa kwenda Sikukuu ya pili kula machungwa. Nilikuwa nimesoma milima ya nchi za mbali na kuichora kwa rangi, lakini sikujua kwamba maili nne kutoka dirishani kwangu udongo unabadilika mara tatu. Miezi miwili ya mwanzo, na hili nalisema bila ya kujisifu kwa sababu baadaye sina la kujisifia, niliifanya kazi ile kwa mapenzi. Barabara ya lami ilipita juu ya mgongo wa ardhi. Upande wa mashariki wa mgongo huo ni maweni, nchi ya mawe na vichaka, watu wakichoma chokaa na kukata kuni. Upande wa magharibi ni bonde, udongo mweusi wa kushika mkononi, migomba, mpunga, mihogo mirefu kunishinda. Na kati ya hizo mbili, mteremko wa kama nusu maili kutoka barabarani, palikuwa na kisima. Wenyewe wakipaita Kisimani, wala hapakuwa na haja ya jina jengine, maana maji matamu hayakupatikana pengine.

Hapo ndipo nilipomkuta Bi Mize. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, anachechemea mguu wa kushoto, na ameketi kwenye kibao mbele ya mafiga matatu akipika vitumbua. Kando yake wanawake wengine walitandaza ndizi, muhogo, mboga, vikapu vya chokaa. Nikasimama mbele yake na daftari langu.

"Wewe unauza nini hapa, na kwa siku wanapita watu wangapi?"

Hakuinua uso. "Huko mjini siku hizi hakuna shikamoo?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa keti. Mtu hahojiwi na aliyesimama, labda awe mwizi."

Nikaketi juu ya jiwe. Akanipa kitumbua, kikaniunguza ulimi, akacheka. Kisha akalivuta sinia lake la unga wa mchele, akausawazisha kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole. "Barabara yenu hii hapa. Huku mawe, huku bonde. Mwenye mawe hana ndizi. Mwenye ndizi hana chokaa wala kuni. Na wote wawili hawana maji. Watakutana wapi?" Akachoma shimo katikati ya sinia. "Hapa. Walikutana hapa kabla ya sultani wa kwanza kununua kiatu. Hilo soko lenu lipo, karani, bado bati tu."

Ndiyo ramani bora niliyowahi kuiona ya ukanda ule, na nilimwambia hivyo. Yeye akaumimina unga wote bakulini, akautia tui, na kufika saa nne nikawa nimeshaila ramani.

Akanionyesha kisima. Kilikuwa shimo pana ndani ya mwamba, na ili kuyafikia maji ulishuka ngazi za mawe zilizochongwa na watu wasiojulikana, zenye utelezi mwaka mzima. Nilishuka nimeshika ukuta, nikapanda nikihema, nikiwa sina ndoo kichwani. "Mguu wangu niliuacha ngazi ya sita," akasema Bi Mize, "nilipokuwa na mimba ya mwanangu. Kila nyumba hapa ina mtu wake aliyeanguka. Bati mnaweza kubakia nalo, karani. Nipe bomba." Aliyasema haya bila ya kulia wala kuomba, kama mtu anayekuagizia kitu dukani kwa kuwa wewe unakwenda huko. Nami nikamwambia, kwa kinywa kilichojaa kitumbua, kwamba kwa nionavyo bomba ni lake.

Ikawa kila siku nikipita. Nikamjua nduguye Khamis, rika langu, mchukuzi wa mizigo kwa baskeli, mtu wa mzaha usiokatika. Nikasikia habari za baba yao, Maalim Ussi, aliyekuwa akisomesha Kurani katika nyumba yake huko juu, karibu na Njia Nne, pale njia za miguu zinapoikata barabara ya lami. Sikuwahi kuingia. Nilikuwa nikimwona kwa mbali, mzee mwembamba kwenye kiti cha ukindu, nikamwinulia mkono, naye akaniinulia. Sisi wawili tu huku ndio tuliosomea kitu, nikafikiri, na nikajiona mwenziwe.

Ikafika siku ya kuhesabu. Bwana Makame alitaka tuanze na Njia Nne, kwa sababu lami ilikuwa imeshafika. Jumamosi nikarudi mjini, Jumapili nikenda kutazama mpira, Jumatatu asubuhi nikakifungua kiti changu Njia Nne chini ya mfenesi, nikaichonga kalamu ya risasi, nikaanza.

Sijawahi kuona watu kama wale. Walitoka maweni, walitoka bondeni, walitoka mpaka njia ya Jozani, wengine wamekaa sita kwenye gari la ng'ombe. Wanaume wamevaa kanzu safi, wanawake wamejitanda. Nikawa nachora vijiti vinne na cha tano kuvikata, vinne na cha tano, mpaka mkono ukafa ganzi. Na hawakupita mikono mitupu. Bwana Makame alikuwa ameniambia niandike na bidhaa, basi nikaandika: mchele, nazi, kuni, masufuria makubwa, mikeka. Wote wakikunja kwenye njia ya mkono wa kulia, inayoelekea nyumba ya Maalim. Kutoka huko nikasikia watu wanasoma Kurani kutwa nzima. Katika taarifa yangu niliandika sentensi hii, na nimeikumbuka neno kwa neno zaidi ya miaka hamsini: "Karibu na hapo pana chuo cha Kurani chenye wanafunzi wengi mno, na kwa sauti zao baadhi ni watu wazima."

Khamis akapita na gunia la mchele kwenye baskeli.

"Karani, huji?"

"Nna kazi, Khamis."

"Kazi?"

"Kazi."

Akanitazama, akalitazama daftari, akautazama mwavuli. "Haya," akasema. "Ukimaliza."

Siku ya pili akaja bibi mmoja mwenye sufuria kichwani, akasimama mbele yangu. "Mwanangu, utaugua kwa joto hili. Njoo ule."

"Ahsante, bibi. Nshakula."

Akamgeukia mwenziwe. "Ati keshakula!" akasema, na wakenda zao, na mara mbili nikawaona wanageuka kunitazama.

Siku ya tatu, alasiri, watu walipoanza kupungua, nikashuka Kisimani nikapahesabu na huko, angalau kwa saa moja, ili taarifa iwe na uadilifu. Hapakuwa na mtu. Mafiga ya Bi Mize yalikuwa baridi, sinia limefunikwa, paka mmoja amelala juu yake. Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichokiona moyoni kilikuwa hasira ya tumbo: ameondoka bila ya kuniwekea hata kimoja. Nikaandika: "Kisimani, shughuli hafifu." Kisha nikapanda baskeli nikarudi mjini, napiga mluzi.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa zamani, na pengine ameshaweka kitabu chini kwa aibu kwa niaba yangu. Maalim Ussi alifariki Jumamosi ile niliyoondoka, akazikwa Jumapili. Mimi niliketi siku zote tatu za matanga yake, hatua mia kutoka mlangoni, na kiti changu mwenyewe, nikiwahesabu wenye msiba. Hapana aliyeniambia, kwa sababu kwetu hapana anayemwambia habari ya msiba mtu aliyekaa mlangoni pake. Huambiwa aliye mbali. Aliye pale huulizwa tu kama anaingia, nami niliulizwa mara mbili nikasema nina kazi, nikasema nimeshakula.

Mtu wa kwanza kunusa alikuwa Mzee Feruzi. Alikaa na daftari langu mezani, juu ya ziwa lake la Bububu, akalisoma polepole.

"Hawa wanapita asubuhi wanaingia kulia?"

"Naam."

"Na jioni wanatoka kulia?"

"Naam."

"Wanaingia na mchele, nazi, kuni. Wanatoka na nini?"

"Mikono mitupu."

"Soko gani hilo, yakhe, watu wote wanakwenda na mchele na hapana anayerudi nao?"

"Wameshauza, mzee."

Akanitazama juu ya miwani. "Uliwauliza wanakokwenda?"

"Nilitumwa kuhesabu. Sikutumwa kuuliza."

Mzee Feruzi akafunga daftari, akaniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona ya kizee: kwamba mguu unajulikana unakokwenda kwa kumwuliza mwenye mguu. Lakini Bwana Makame aliitazama jumla, akala korosho tatu kwa pamoja, akanipiga bega. Alisema hajapata kuona pahala penye mvuto wa biashara kama Njia Nne, na kwamba kijana kama mimi hafai kubakia kwenye baskeli. Kulikuwa na kozi ya miezi sita Dar es Salaam, ya upimaji na mipango. Nafasi ilikuwa moja.

Jumatatu iliyofuata nikenda Kisimani kumtuliza Bi Mize, maana nilijua bomba haliji kwake. Nikamkuta kwenye kibao chake, mafiga yanawaka. Uso wake ulikuwa umepungua.

"Shikamoo, Bi Mize. Juzi nilikuja sikukukuta."

"Marahaba. Juzi nilikuwa matangani."

"Matanga ya nani?"

Akakiacha kijiti cha kugeuzia vitumbua. Alinitazama muda mrefu, si kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayetafuta mahali pa kukushika bila ya kukuumiza. "Ya baba," akasema.

Nikasikia kila kitu kwa mpigo mmoja: kanzu, mchele, kuni, sauti za watu wazima. Nilitaka kusema pole, neno likakwama, badala yake nikasema, "Sikujua."

"Ulikaa pale siku tatu. Siku ya kwanza tukasema karani anaona haya, ni mgeni. Tukampeleka Khamis akuite. Siku ya pili tukasema pengine hajala, ndiyo hana nguvu ya kuingia. Siku ya tatu tukasema basi, labda wa mjini hawahani msiba. Ulikuwa ukifanya nini pale, Nassor?"

Ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina langu.

"Nikihesabu."

"Ukihesabu nini?"

"Wateja."

Akasema, "Khe!" Akafikiri kidogo. "Na mimi ulinihesabu?"

"Kila aliyepita nilimhesabu."

"Mimi nilipita mara sita nimejitanda, nikifuata vyombo."

"Basi uko mara sita."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka vitumbua vikaungua, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na mpaka leo sijui alikuwa akifuta nini hasa. "Baba kasomesha watu miaka arobaini," akasema, "hajauza hata ukwaju. Kafa, kawa soko!" Wanawake wa jirani wakauliza kuna nini, akawaambia, wakacheka na wao wakishikana mabega, na mimi katikati yao, nimeketi juu ya jiwe langu, natamani ngazi zile za kisima ziniteremshe zisinirudishe.

Alipotulia akanipa kitumbua kisichoungua. "Haya, hukujua. Mtu hafungwi kwa asilolijua. Sasa unajua. Kabadilishe."

"Nitabadilisha."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nilipanda ule mteremko nimeazimia. Nilifika ofisini, nikamwendea Bwana Makame, naye akainua barua. Ilikuwa ya kozi, na jina langu limepigwa taipu, limekosewa herufi moja lakini langu. Alikuwa na furaha ya baba. "Nassor," akasema, "taarifa yako inakwenda juu leo. Una la kuongeza kabla sijatia muhuri?" Popo mmoja alikuwa akijigeuza kwenye boriti. Mzee Feruzi, mezani, aliacha kuchora, na hakunitazama. Aliacha kalamu hewani tu, akingoja. Nilikuwa na sentensi yenyewe mdomoni, na haikuwa ndefu: Bwana, wale walikuwa wafiwa.

"Sina, bwana," nikasema.

Kalamu ya Mzee Feruzi ikarudi kwenye karatasi.

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga watu huucheka. La pili nililifanya nikiwa najua, mchana kweupe, kwa ajili ya barua yenye jina lililokosewa. Nimekuwa nikiyasimulia haya kwa wajukuu zangu, nao hunisikiliza mpaka kwenye wafiwa na masufuria, wakafa kwa kicheko, na mimi huishia hapo. Leo sitaki kuishia hapo.

Soko lilijengwa Njia Nne. Siku ya kufunguliwa palikuwa na ngoma na matarumbeta, na watu walijaa kweli, maana ngoma ni ngoma. Kesho yake, Khamis alinihadithia kwenye foleni ile ya macho, alikuwapo mlinzi na mbuzi wanne. Mbuzi waliipenda sakafu ile, ilikuwa na kivuli. Mlinzi akaleta ndizi za shambani kwake, akawa muuzaji, na yeye huyo huyo akawa mnunuzi. Watu wa maweni na wa bondeni waliendelea kukutana Kisimani, kwenye vumbi na matope. Na siku moja gari la shamba likasimama Njia Nne, dereva akauliza pahala hapa pasipo mtu paitweje, na Khamis akamjibu, "Hapa Kwa Karani. Ndiye peke yake aliyewahi kuona watu hapa."

Mimi nilikuwa Dar es Salaam nikijifunza kupima. Niliporudi nikapelekwa idara nyengine, bohari, nikahesabu mifuko ya saruji hadi nilipostaafu. Barabara ile nikaikimbia. Bomba lilifika Kisimani baada ya miaka kumi na moja, na kabla halijafika Bi Mize alianguka mara ya pili, akategua nyonga, akatembelea mkongojo maisha yake yote yaliyobaki. Hayo nayo nilihadithiwa na Khamis, kwa sauti ya kawaida, wakati nesi akinitia dawa ya macho. Nilishukuru ile dawa.

Mji, kama ujuavyo, haukusubiri taarifa yangu. Ulivuka Ng'ambo, ukapanda mgongo, ukafika Njia Nne. Leo pale Kwa Karani pana maduka ya vigae, magodoro, kuku wa kukaanga, benki mbili zinazotazamana. Mjukuu wangu anayefanya biashara ya viwanja alipojua karani ni nani, aliniambia kwa heshima kubwa, "Babu, uliona mbali." Sikuona mbali. Sikuona hatua mia.

Basi siku ya maziko nilivaa kanzu, nikashuka Kwa Karani mapema, saa nne asubuhi. Mfenesi haupo, pale pake pana kibanda cha kuchaji simu. Nikakunja kulia. Tabia haiachi, nikawa nahesabu hatua: mia na kumi na mbili, na hizi ni za mzee. Nyumba ni ile ile, imebadilishwa paa. Wanaume wameketi kwenye jamvi nje, vijana wengi wasionijua. Nikasimama ukingoni na viatu mguuni, na miguu ile niliyosifiwa zamani ikakataa kwenda.

Khamis akaniona. Akasimama, akaja mpaka ukingoni, tukashikana mikono, nikasema pole, na safari hii neno likatoka zima. Nikaanza kusema na yale mengine: kwamba sikubadilisha, kwamba niliapa, kwamba nyonga ile…

"Wacha," akasema Khamis. "Yeye alijua. Kila gari likipita na utingo akikiita kituo, alikuwa akicheka peke yake. Akituambia, yule iko siku atakuja, na akija msimuulize kitu. Mhesabuni tu."

Akawageukia waliokaa jamvini, akainua kidole cha shahada juu, na kwa sauti ya mtu anayeita mnadani akasema, "Mmoja!"

Wazee wawili watatu waliojua wakaanguka kicheko, wakawanong'oneza vijana, na kicheko kikapita mlangoni kikaingia kwa wanawake, nyumba nzima ya msiba ikacheka, kisha mwanamke mmoja huko ndani akakatiza kwa kilio. Nikavua viatu. Wakanisogezea pahala.

Tulimzika kando ya baba yake. Nilitia udongo kwa mikono yangu. Tuliporudi, sinia zikatolewa, wali na mchuzi, watu watano watano. Khamis akanitazama kutoka sinia la pili.

"Karani keshakula?"

"Bado," nikasema. "Sijala." Nikanawa mkono, nikasogea.